Bibi hakumpa mjukuu Kilimanjaro: mpaka ulipindaje?

Wiki iliyopita mpwa wangu, yuko kidato cha pili hapa Moshi, alinitumia klipu kwenye simu. Jamaa amesimama mbele ya ramani, muziki wa kutisha unapiga kwa nyuma, anaeleza kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na milima miwili yenye theluji, Kenya na Kilimanjaro. Mjukuu wake, Kaiser wa Ujerumani, akanuna kwamba yeye hana hata mmoja. Bibi akamhurumia, akampa mmoja siku yake ya kuzaliwa. Ndiyo maana, anamalizia yule jamaa, mpaka wa Tanzania na Kenya umenyooka kama uzi halafu ghafla unapinda. Chini ya klipu mpwa wangu kaandika: "Mjomba, kumbe sisi ni zawadi ya bethdei?"

Nilicheka, halafu nikaona haya kidogo. Mlima ule nimeupanda miaka kumi na tisa, kwanza kama mgumu, ndivyo wapagazi wanavyoitwa huku, baadaye nikiongoza wageni. Na hadithi hiyo nimeisimulia mwenyewe, sijui mara ngapi, usiku pale kambi ya Horombo mlimani, wageni wakisubiri supu. Ni hadithi inayolipa. Mtu akishacheka mezani, siku ya kugawa bahashishi anakukumbuka.

Mpaka siku moja bibi mmoja Mjerumani, mwalimu mstaafu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaiser yupi?"

Sikuwa na jibu. Nilipolitafuta, hadithi ikabomoka yote.

Kwanza tuelewane maneno. Kaiser si jina la mtu, ni cheo, kama mangi kwa Wachaga. Ukisema "mangi wa Marangu" bado hujasema mangi yupi. (Na hilo neno nalo limesafiri. Zamani mangi alikuwa mtawala, mwenye kuamua kesi na vita. Leo ukiwa Dar ukiambiwa "nenda kwa Mangi kalete sukari", unapelekwa dukani.) Neno la pili ni eneo la ushawishi. Wakoloni walilitumia sana miaka ya 1880 na maana yake ilikuwa hii: mimi na wewe tunakubaliana kwamba upande ule sitakuingilia na upande huu hutaniingilia. Ni kama matajiri wawili wa vifodi wanaokaa hotelini na kugawana ruti za mji ambao hawajaleta hata gari moja. Abiria hawajaulizwa. Barabara si yao. Lakini wameshapeana mikono.

Sasa tarehe. Mstari unaoupita Kilimanjaro ulikubaliwa kwa barua kati ya London na Berlin, tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886. Mwaka huo Kaiser alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria. Mjukuu anayetajwa kwenye hadithi, Wilhelm wa Pili, alikuwa kijana wa miaka 27, hana kiti chochote. Alikuja kutawala Juni 1888, baada ya babu yake kufariki na baba yake kutawala siku 99 tu. Na siku yake ya kuzaliwa ni 27 Januari. Kwa hiyo ili hadithi isimame, bibi alimpa kijana asiye mfalme zawadi ya kifalme, miezi mitatu kabla ya sherehe, kwa barua za serikali zilizokuwa chini ya Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, upande mmoja na Bismarck, kansela wa Ujerumani, upande wa pili. Bismarck naye hakuwa mtu wa kungojea bibi za watu wagawe ardhi.

Lakini mpwa wangu hakuridhika. "Sawa mjomba, si zawadi. Mbona sasa umepinda?"

Swali zuri. Tulichukua atlasi yake ya shule, rula ya plastiki na penseli, tukakaa kwenye meza ya jikoni. Nawe unaweza kujaribu nyumbani.

Mara ya kwanza tuliweka rula pale mpaka unapoanzia Ziwa Victoria, kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, tukaifuatisha na mstari uliopo hadi kaskazini ya mlima. Badala ya kusimama kwenye kona tukaendelea mbele moja kwa moja. Ncha ya penseli ikafika baharini jirani na Mombasa. Yaani mstari ule ungenyooka hivyo, Kilimanjaro ungebaki hukuhuku kwetu, na Taveta, ambayo leo iko Kenya, nayo ingekuwa yetu, na kipande kirefu cha pwani kusini ya Mombasa.

Mpwa akaniangalia. "Kwa hiyo kupinda kumewasaidia Waingereza?"

Ngoja kwanza. Mara ya pili tulianzia baharini, pale mto Umba unapomwaga maji, jirani na Vanga, tukavuta mstari mmoja hadi palepale ziwani. Safari hii rula ilikatiza karibu kabisa na Moshi mjini, na mlima wote ukabaki kaskazini, upande ambao leo ni Kenya. Sisi tuliokaa pale jikoni tungekuwa tunaishi mpakani.

Kumbe jibu linategemea unaanza kuvuta kutoka wapi. Mtu anayekwambia "mpaka ulipindishwa ili Ujerumani wapate mlima" anasema nusu. Mtu anayekwambia "ulipindishwa ili Uingereza wabaki na Mombasa salama" anasema nusu ya pili. Kulikuwa na mali mbili mezani, mlima na bandari, na hakuna mstari ulionyooka ambao ungempa kila mmoja alichokitaka bila mwenzake kununa. Mstari ukapigwa kiwiko.

Kama umekulia migombani hili halikushangazi. Kihamba gani, yaani shamba la ukoo, umewahi kukiona kimenyooka pande zote? Masale, mimea inayopandwa mpakani, yanakwenda vizuri, halafu yanakata kulia kwa sababu pale kuna kaburi la babu, yanarudi kushoto kwa sababu jirani alishapanda kahawa kabla ya wazee kuitwa. Hakuna anayeuliza kona ile ilikuwa zawadi ya nani. Anauliza nani alikuwa na nini pale siku wazee walipokaa.

Hebu tuulize hivyohivyo. Nani alikuwa na nini?

Mwaka 1884 alikuja Mwingereza, Harry Johnston, kwa kazi ya kukusanya mimea na wanyama. Alikaa Moshi kwa mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, akaondoka pia na makubaliano ya ardhi aliyoyapata Taveta. Mwaka uliofuata Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyeona Wajerumani wanazidi kusogea, alimtuma jenerali wake Lloyd Mathews aje huku kupandisha bendera yake na kupata kauli za utii za wamangi. Rindi alikubali. Haukupita muda, katikati ya 1885, akaja Mjerumani Karl Jühlke na karatasi yake. Rindi akakubali tena.

Wako wanaosema mzee alidanganywa. Mimi nadhani alikuwa anacheza bao. Kila mgeni aliyekuja na zawadi aliondoka na karatasi, na Rindi alibaki na marafiki watatu wenye bunduki dhidi ya mahasimu wake wa jirani. Alichokuwa hajui, na asingeweza kujua, ni kwamba karatasi zile zingepelekwa mbali na kuwekwa mezani kama hati ya shamba.

Na ndivyo ilivyokuwa. Makubaliano ya 1886 yanasema mstari upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, kisha uzunguke chini ya mlima upande wa kaskazini. Karatasi ya Johnston ikawapa Waingereza Taveta. Karatasi ya Jühlke ikawapa Wajerumani mlima. Sultani aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na huo nao haukudumu, maana mwaka 1890 Wajerumani walinunua sehemu yake ya kusini kwa marki milioni 4.

Hata hivyo mlima haukuwa mikononi mwa mtu kwa barua tu. Rindi alifariki 1891. Mwaka 1892 mwanawe Meli aliwapiga Wajerumani hapahapa Old Moshi hadi wakakimbia. Walirudi 1893 na jeshi kubwa zaidi. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Meli pamoja na viongozi wengine. Zawadi gani unaipokea kwa mizinga?

Uzushi uliokomaa huwa na mbegu ya kweli ndani, na huu una tatu.

Ya kwanza, undugu. Wilhelm wa Pili alikuwa kweli mjukuu wa Victoria, tena wa kwanza. Mama yake alikuwa binti wa malkia. Hapo jamaa wa klipu hajakosea.

Ya pili, kubadilishana visiwa. Tarehe 1 Julai 1890 nchi hizo mbili zilisaini mkataba mwingine ambapo Uingereza iliwaachia Wajerumani Helgoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini unachoweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja. Wajerumani nao wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, na wakaiachia Witu iliyoko pwani ya Kenya. Huku mtaani utasikia "Wajerumani waliuza Zanzibar kwa kisiwa cha mawe". Hawakuiuza, kwa sababu hawakuwahi kuwa nayo. Walichotoa ni ahadi ya kutoifuata. Lakini mtu akishasikia kwamba wakubwa walibadilishana visiwa kama watoto wanavyobadilishana gololi, mlima kupewa mjukuu hauwi jambo gumu kulimeza.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu hapo ndipo zawadi ya kweli ilipo.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, Muaustria, walifika kilele cha Kibo. Wenzangu wagumu wajue pia kwamba kwenye kambi ya juu, kule kwenye baridi, alibaki nao mpagazi kutoka Pangani, Mwini Amani, akilinda hema. Meyer alikipa kilele jina la Kaiser Wilhelm, jina lililokaa hadi miaka ya 1960. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda akapandisha mwenge na bendera kule juu, na leo kilele kinaitwa Uhuru. Ila Meyer hakushuka mikono mitupu. Alibeba jiwe la volkeno kutoka kileleni, akampa Kaiser, na safari hii ni Wilhelm wa Pili mwenyewe, mjukuu wa kwenye klipu. Jiwe likawekwa ukutani katika jumba lake la Potsdam, kwenye ukumbi uliopambwa kwa makombe ya baharini na madini. Baadaye likatoweka, na lililopachikwa mahali pake ni jingine.

Kwa hiyo Kaiser alipewa kweli kitu cha Kilimanjaro. Kilienea mkononi, hakikutoka kwa bibi yake, na kimepotea. Rindi naye aliwahi kumpelekea salamu: mwaka huohuo wa 1889 wajumbe wake walifika Berlin na pembe ya ndovu. Ukihesabu vizuri, zawadi zilikuwa zinatoka huku kwenda kule.

Nilipomaliza hapo mpwa wangu akataka nyingine, kama kawaida ya watoto wakishaona mkubwa anajua kitu. "Na Kilimanjaro maana yake nini?"

Hapa sitamdanganya mtu. Hakuna jibu moja lililothibitika, na anayekupa moja kwa uhakika anakuuzia. Tuanze na lililo wazi: "kilima" kwa Kiswahili ni mlima mdogo. Mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895, tumeupa jina la kichuguu. Labda ni utani wa watu wa misafara, labda hiyo ki- haina uhusiano na udogo kabisa. Kuna wanaosema "njaro" ni weupe unaong'aa. Wengine wanasema ni pepo wa baridi. Krapf, mmisionari wa karne ya 19, aliandika kwamba inaweza kuwa mlima wa ukuu au mlima wa misafara. Wazee wa Kichaga wana yao: kilema, kinachoshinda, na kyaro, safari. Yaani kinachoishinda safari. Mimi kwa kuwa nimeona wageni wengi wakigeuzwa Kibo usiku, hiyo ya mwisho naipenda, lakini kupenda si ushahidi. Kinachosemwa bila ubishi mkubwa ni kwamba Wachaga walikuwa na majina ya vilele, Kibo na Mawenzi kama tunavyoyatamka leo, na hawakuwa na haja ya jina la mlima mzima. Ukiishi juu ya kitu hukiiti kwa jina, unasema nyumbani.

Theluji yenyewe ilileta ugomvi. Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, alipoiona 11 Mei 1848 na kuandika Ulaya, wataalamu wa London walimcheka: theluji karibu na ikweta? Alipomuuliza kiongozi wake wa njia kile cheupe ni nini, jamaa alimjibu kwa neno moja tu. Baridi. Bado ni jibu zuri kuliko mengi niliyoyasikia baadaye.

Wako pia wanaosema mji wa Moshi uliitwa hivyo kwa sababu ya moshi wa treni. Lakini reli kutoka Tanga ilifika 1911. Rindi alikuwa mangi wa Moshi miaka mingi kabla, kule juu panapoitwa sasa Old Moshi. Jina lilishuka mlimani kuja kuikuta reli. Na moshi wa volkeno? Kibo hakijalipuka kwa maelfu ya miaka, hakuna babu aliyekiona kikifuka.

Sisi wa Moshi tukishasema hivyo, ndugu zetu wa Arusha wanatukumbusha Mnara wa Saa. Kila anayeshuka kwenye basi huambiwa kwamba mnara ule uko katikati kabisa ya Cape Town na Cairo. Hilo nalo tulilipimia rula ileile. Cape Town iko karibu nyuzi 34 kusini, Cairo karibu nyuzi 30 kaskazini. Nusu yake ni karibu nyuzi 2 kusini, na Arusha iko nyuzi 3 na ushee. Imepitiliza kusini kwa zaidi ya kilomita 150. Ukivuta mstari mmoja kutoka mji mpaka mji, katikati yake iko ndani kabisa ya Kongo, mbali na mnara wowote. Kinachobaki ni barabara, na hapo kila kitu kinategemea unapita njia ipi, maana barabara ina kona na mtu anaweza kuchagua zinazompendeza. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 7,000, Arusha haiko mbali na nusu. Ila "katikati kabisa" ni maneno ya wapiga debe, na nawaheshimu kwa hilo, wana familia za kulisha kama mimi nilivyokuwa Horombo.

Jumamosi nilimpandisha mpwa wangu gari tukaenda Holili, mpakani. Nilitaka aone ile "katikati ya Taveta na Uchagani" kwa macho yake. Hakuna cha ajabu pale: ofisi, malori yamepanga foleni, vijana wa bodaboda wanabishana juu ya nauli, mama mmoja kakalia magunia ya vitunguu anasubiri karatasi yake igongwe muhuri. Mpwa akasimama akitazama upande wa Kenya, kisha akageuka kuutazama mlima, siku hiyo ulikuwa umejifunika wote.

"Karatasi ya Johnston kule," akasema, "ya Jühlke huku."

Halafu akaniomba hela ya soda.